Kipokezi kinaamuru, au kinaruhusu tu?

Eritropoietini hukuza seli nyekundu za damu, trombopoietini hukuza chembe sahani. Lakini chini ya utando wa seli, vipokezi (protini zinazopokea ujumbe kutoka nje) vya saitokini hizi mbili, yaani protini za kupeleka ujumbe kati ya seli, vimeshikilia kimeng'enya kilekile, JAK2, na huamsha protini ileile, STAT5, inayokwenda kuwasha jeni kwenye kiini. Njia moja, mazao mawili. Tofauti inatoka wapi?

Wapo wanaosema kipokezi ndicho kinachoiamuru seli iwe nini. Wengine wanasema seli imeshachagua. Kipokezi kinaizuia tu isife kabla ya kukomaa.

Hawa wa pili wana ushahidi mzito. Vijusi vya panya visivyo na kipokezi cha eritropoietini hufa karibu na siku ya 13 kwa kukosa damu. Hata hivyo, kwenye ini lao seli zilizokwisha kushika njia ya wekundu zinaonekana, zimekwama tu. Watafiti walipozitia kipokezi cha prolaktini, homoni inayojulikana zaidi kwa maziwa, na kuzipa prolaktini yenyewe, zilikomaa. Mimi kila nikilifikiria jaribio hilo naona ni vigumu kuamini kwamba wekundu uliandikwa kwenye kipokezi.

Ila hadithi haiishii hapo. Panya waliobadilishiwa mkia wa ndani wa kipokezi cha G-CSF, saitokini inayokuza seli nyeupe ziitwazo neutrofili, wakapewa ule wa kipokezi cha eritropoietini walitengeneza neutrofili za kawaida kwa sura, lakini chache, tena zilizosita kutoka kwenye uboho. Kumbe mkia nao una kazi yake. Mwaka 2009 watafiti wakafuatilia seli tangulizi, zile ambazo bado hazijakomaa, moja baada ya nyingine kwa kamera: M-CSF, saitokini nyingine, ikazielekeza kuwa makrofaji (seli nyeupe zinazomeza uchafu na vijidudu), G-CSF kuwa granulositi, kundi lenye neutrofili, na si kwa sababu zile nyingine zilikufa njiani. Hapo kambi ya amri ilipata haki yake.

Naegemea upande wa seli, ila naongeza kipimo cha ishara, yaani nguvu yake. Badiliko la V617F kwenye JAK2, lililotangazwa 2005, hupatikana kwa takriban asilimia 95 ya wenye polisithemia vera, ugonjwa wa kuzidi kwa seli nyekundu, na kwa karibu nusu ya wale ambao chembe sahani zao zimezidi. Nakala zote mbili za jeni kubadilika ni jambo la kawaida kwenye ugonjwa wa kwanza, adimu kwenye wa pili, kana kwamba ishara kali huvuta kwenye wekundu na hafifu kwenye chembe sahani. Kwa mgonjwa hili si nadharia: dawa inayozuia JAK2 hugusa njia zote kwa pamoja, ndiyo maana humpunguzia pia seli nyekundu anazozihitaji.