Waifai Bure, Juisi Elfu Tatu

Nane Nane kwa sisi wa Dar ni sikukuu ya wakulima inayosherehekewa na watu ambao mara ya mwisho kushika jembe walikuwa shule ya msingi. Wenye maonyesho wako Dodoma, Morogoro na Mbeya, wanapiga picha na ng'ombe. Sisi tunakwenda baharini. Shida ni kwamba Wajerumani hawaijui Nane Nane. Mwambie Mjerumani kuwa tarehe 8 Agosti hufanyi kazi kwa heshima ya mkulima: atakupongeza, halafu atakuuliza faili litafika saa ngapi.

Mimi naweka manukuu kwenye video za mafunzo za kampuni moja ya huko. Ofisi yangu ni laptopu na spika za masikioni, basi. Kwa hiyo binamu yangu na mkewe walipopanga tukalale kwenye mahema Kigamboni, huko mbele ya Mjimwema, sikuuliza habari za mbu wala choo. Binamu akapiga simu, akaweka spika. Mama mwenye kambi akajibu kwa sauti ya mtu ambaye anahesabu hela huku anaongea:

"Waifai ipo mwanangu. Tena bure."

Hiyo "tena bure" ilinitosha. Tukavuka na pantoni jioni ya tarehe 7, tukafunga mahema gizani huku kusi inavuma, hema la binamu likakimbia mara moja likakamatwa na mlinzi, tukala, tukalala.

Asubuhi nikakaa kwenye banda la makuti na laptopu yangu. Waifai ikaonesha mistari yote. Nilifurahi kwa kama dakika kumi. Mistari ile inakwambia tu kwamba wewe na rauta mnasikilizana. Haikwambii kama rauta yenyewe inasikilizana na dunia. Koki kuwa karibu yako si maji kutoka. Lakini siku hiyo maji yalikuwa yanatoka, nasema ukweli, tena kwa kasi. Rauta ilikuwa ya laini ya simu, imewekwa jikoni juu ya friji, karibu na dirisha, mahali pazuri kabisa.

Kikao kilikuwa saa nne. Wakati wa kiangazi chao Wajerumani wako nyuma yetu kwa saa moja tu, kwa hiyo wao walikuwa ndio wanafungua ofisi, wana kahawa, wana hasira kidogo. Nikaanza kueleza video ya usalama wa ghala. Nikafika pale mfanyakazi anapopanda ngazi. Kimya. Picha ya bosi ikaganda, na yangu nayo, nadhani, kwa sababu niliporudi baada ya dakika tatu akaniambia kwa upole kwamba walikuwa wamebaki wananitazama nikiwa nimeachama na jicho moja limefumba.

Nikaomba radhi, nikaendelea. Mfanyakazi akapanda tena ngazi. Kimya.

Safari hii nikasikia kitu. Kila intaneti ilipokata, jikoni kulikuwa na mngurumo. Nguuuuuu. Nikainuka.

Jiko lilikuwa na soketi moja ya ukutani na ekstensheni moja ya matundu manne. Matundu mawili yalikuwa meusi, yameungua zamani, yamebandikwa plasta ya kidonda. La tatu lilikuwa la friji. La nne lilikuwa la rauta, mpaka mteja aagize juisi. Dada wa jikoni hakuwa hata anatazama: mkono wa kushoto unachomoa rauta, wa kulia unachomeka brenda, mdomo unaimba. Juisi ikiisha, plagi zinabadilishana. Kisha rauta inawasha taa nyekundu, inafikiria, inaleta ya machungwa inayopepesa, inafikiria tena, ndipo inaleta kijani. Mimi nilisimama pale nikaangalia mchakato mzima, machozi karibu.

"Dada, hiki ndicho kinachotoa intaneti."

"Kaka, hiki kidude hakijawahi kulalamika."

"Nalalamika mimi."

"Pole. Hii ni ya parachichi, haichukui muda."

Uongo. Ukwaju unaloweka na kuchuja, brenda inalala. Pasheni ni mzunguko mmoja. Parachichi ndiyo inayokula muda, kwa sababu mteja anaitaka nzito na dada anaitaka laini, na katikati yao wananisaga mimi. Nikapendekeza tuchomoe friji kidogo. Akaifungua ili nione samaki wa mama mwenye kambi, akaifunga. Mjadala ukaisha. Na ile soketi ya ukutani? Nzima kabisa, ila ndiyo iliyobeba ekstensheni.

Kikao kikaisha bila mimi. Bosi akaniandikia: hakuna tabu, tutumie tu faili kabla ya saa saba mchana.

Faili lilikuwa la GB mbili na ushee. Tovuti ya kulipandishia ni ya kisasa sana, ina rangi nzuri, isipokuwa ukikatika katikati inakurudisha sifuri. Nikapiga hesabu: juisi ikinipa nafasi ya kutosha, tunafika. Nikajaribu data ya simu yangu pia. Ilikuwa inaonesha E, ile herufi ambayo ukituma salamu za Idi kwayo zinafika Idi ya pili. Bando niliweza kununua vizuri tu, maana menyu ya kununulia haihitaji intaneti. Pesa hazikosi mtandao.

Na hapo mbele yangu bahari imetulia. Mkongo wa intaneti wa SEACOM ulifika Dar mwaka 2009, wa EASSy ukafuata 2010, yote kwa kupita chini ya bahari hiihii. Mazungumzo ya nusu ya Afrika Mashariki yanapita humo, mimi nagombea tundu la soketi na parachichi.

Kufika asilimia 31, ikaingia Coaster.

Walishuka akina mama wa kikoba, sare ya kitenge cha bluu, na spika kubwa ya kwao wenyewe, ya betri, nashukuru. Waliketi. Mmoja akanyoosha mkono kumwita dada wa jikoni. Nikafika kabla ya dada.

"Shikamooni mama zangu."

"Marahaba baba. Tunataka juisi ya parachichi."

"Mama, hewa hii ya bahari na parachichi?" Nilisema hivyo kwa sura ya mganga. Sikuwa na ushahidi wowote. "Chukueni dafu. Limetoka juu sasa hivi, halijaguswa na mtu, na halihitaji soketi."

Hawakuelewa habari ya soketi ila walielewa kutoguswa na mtu. Wakachukua madafu. Meza ya jirani ikaona, ikachukua madafu. Nikazunguka na daftari. Mtoto alikuwa analilia embe, nikamwonesha jinsi dafu linavyofunguliwa kwa panga, akaacha kulia. Chini ya mnazi alikuwepo kijana mkwezi, ambaye naona tangu Nane Nane ianzishwe hajawahi kuuza namna ile. Alikuwa anapanda na kushuka vidato kwa furaha. Asilimia 58.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba juisi ni ya mama mwenye kambi na madafu ni ya yule kijana.

"Mwanangu," mama akasema, amesimama nyuma yangu, khanga imefungwa kiunoni kabisa. "Wewe umekuja kulala, au umekuja kuniulia biashara?"

Nikamweleza. Nikamweleza Ujerumani, rauta, manukuu, saa saba. Alinisikiliza mpaka mwisho, nampa haki yake. Halafu akageuka, akapaza sauti juu ya ile spika ya kikoba:

"Juisi leo bei ya sikukuu jamani! Elfu tatu sasa elfu moja mia tano! Parachichi, embe, mchanganyiko!"

Sijawahi kuona sare ya bluu ikisimama kwa pamoja vile. Brenda ikaingia kazini na haikutoka. Rauta ikalazwa chali juu ya friji, waya wake unaning'inia, taa zote zimezimika. Shemeji yangu, mke wa binamu, nilimwona kwenye foleni. Alinikwepa macho.

Ilikuwa saa sita na robo. Nikakaa chini ya mnazi. Mkwezi akaja akachuchumaa pembeni yangu, akafuta panga kwenye suruali.

"Braza, wewe shida yako mtandao tu?"

"Tu."

"Mbona upo? Huko juu upo. Mimi mchumba wangu nampigia video nikiwa juu."

Alikuwa sahihi, na mtu mwenye akili zake angeligundua. Pale chini tulikuwa tumezibwa na kilima cha mchanga na minazi yenyewe. Juu ya makuti unautazama mnara wa simu ana kwa ana. Nikawasha hotspoti, nikampa simu yangu, akaitia mfuko wa shati akaufunga kwa kishikizo, akaanza kukwea. Katikati nikaona laptopu imekamata. Alipofika kileleni, akajikita kati ya makuti, faili likaanza kukimbia. Asilimia 20. 45. Nilikuwa namshangilia kama shabiki wa jukwaa la mzunguko. Akina mama wa kikoba wakaja na juisi zao kuangalia. Binamu akaja kurekodi. Asilimia 83.

Ndipo simu ikalia, huko juu.

Nikatazama laptopu, kumbe bosi ananipigia WhatsApp, ya video. Nikapaza sauti, "Usipokee! Usipokee!" Kusi inavuma, makuti yanapiga kelele. Yeye alichosikia ni neno la mwisho.

Akapokea.

Sisi wa chini tulisikia upande mmoja tu. Kwanza kicheko. Kisha salamu, kwa kile Kiingereza cha fukweni ambacho kimewauzia watalii vinyago miaka yote hii. Kisha akaizungusha simu taratibu amwoneshe bahari, madafu, na mwisho panga. Bosi bila shaka akamuuliza yeye ni nani, maana tulimsikia anajibu, neno moja moja, kwa kujiamini, kwamba yeye ndiye mtandao.

Asilimia 100. Saa saba kasoro dakika nne.

Aliposhuka nilimkumbatia na panga lake. Nikamuuliza deni langu. Akachora hesabu mchangani kwa ncha ya panga: dafu, elfu moja. Kupanda na simu, elfu tano. Kuongea na Mzungu, elfu kumi.

"Hiyo ya mwisho mbona kubwa hivyo?"

"Braza, ile ilikuwa kazi. Kaniuliza zile video nyingine nne utazimaliza lini."

"Ukamwambiaje?"

"Kesho asubuhi."

Nyuma yetu mama mwenye kambi akaagiza parachichi zaidi kutoka Mjimwema.