Nilivyonyweshwa Maziwa kwa Sumu Iliyokuwa Bado Sandukuni

Shangazi yangu ana mwembe mmoja pale Kiloleni, Tabora, na ukitaka kuishi naye kwa amani usiuseme vibaya. Watu husimulia kwamba miembe mingi ya mji huu iliota kutokana na kokwa walizotupa wapagazi wa misafara. Shangazi haridhiki na hapo. Anaapa kwamba Stanley na Livingstone, wale wasafiri wa Kizungu, walipokuwa Kwihara, jirani na hapa, mwaka 1872, walikula embe za mwembe huu huu. Niliwahi kumuuliza ushahidi uko wapi. Akaniuliza wangu uko wapi.

Shida ni kwamba siku hizi embe zake huiva na wapangaji ndani. Nje inang'aa, ukiipasua unakuta funza wanajinyoosha. Hiyo ni kazi ya nzi wa matunda, wale wa asili ya Asia walioonekana kwa mara ya kwanza Afrika Mashariki mwaka 2003, na tangu hapo hawana habari ya kurudi kwao. Jike hutoboa ganda, hutaga mayai chini yake, akaenda zake. Basi shangazi akafika duka la pembejeo, akarudi na chupa ya dawa, akanipigia simu: "Njoo Jumamosi. Bomba nimeshaazima, umebaki mgongo tu."

Sikukurupuka. Nilipitia kwanza kwa bwana shamba, mtu ambaye ukimuuliza swali moja anakujibu saba. Akaanza na utepe wa rangi ulio chini ya lebo. Nikamwambia ni wa njano. Akaguna. Mwekundu ndio wa sumu kali kupita zote, akasema, kisha njano, halafu bluu, na kijani ndio wenye afadhali, lakini hata huo kijani si juisi. Pima kwa kipimo chake, usichukue kijiko cha chai cha shangazi yako. Usiihamishie kwenye chupa ya soda, maana mtoto akiona chupa ya soda anajua ni soda. Nozeli ikiziba usiipulize kwa mdomo. Amka mapema kabla upepo haujaamka, na ukiamka nao upe mgongo. Maua yakiwa yamefunguka usiguse mti kabisa, utaua nyuki, na Tabora ukiua nyuki umeingiza mkono kwenye mifuko ya watu. Hilo halikutuhusu, maana ilikuwa Oktoba, maua yalishapukutika na embe zilishatunga.

Nilipodhani amemaliza, akanishika bega. "Suruali iwe nje ya buti, usiichomeke ndani, dawa ikitiririka isikuingie mguuni. Na kabla hujatia dawa, tia maji matupu. Uone bomba linavuja wapi na mti unakunywa lita ngapi."

Nilifuata yote, neno kwa neno. Naomba hilo likae kwenye kumbukumbu.

Alfajiri ya Jumamosi nikajivika: ovaroli, glavu ndefu za raba, miwani, barakoa, kofia pana, suruali nje ya buti. Kizingiti cha balaa kilikuwa jirani wa shangazi, mzee wa Kizaramo. Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani, kwa hiyo mzee yule ana kibali cha kunitukana bila kulipa faini. Alikuwa anapiga mswaki ukutani kwake.

"Shangazi," akaita, "huyu mwanao anakwenda mwembeni au mwezini?"

Sikumjibu. Nikajaza lita 20 za maji ya kisimani na kuinua mgongoni. Mpira wa bomba nilishaufunga kwenye mwanzi mrefu ili ufike juu, kwa sababu kupanda mti na mzigo ule ni kujitakia jeneza. Dawa yenyewe ilikuwa ndani, kwenye sanduku la shangazi, na ufunguo shingoni mwake.

Nikapiga pampu. Maji yakaruka vizuri, nikaona raha. Nikalenga juu zaidi, kwenye fungu la majani yaliyoshonwa pamoja, nikidhani ni majani tu.

Kilikuwa kiota cha maji moto.

Asiyewajua sisimizi hawa wa miti namtakia asiwajue. Kiota kiliachia tawi, kikatua juu ya kofia yangu na kupasuka. Kundi moja likateremkia shingoni na kuingia kwenye kola. Waliofika chini wakapanda buti, wakakuta suruali iko nje, mlango wazi, wakaingia. Sisimizi wa aina hii akiuma hatosheki, anainama na kuinyunyizia asidi ile sehemu aliyouma. Wewe ndani ya ovaroli, na zipu imekwama.

Nilitupa bomba. Nikatupa glavu, miwani, kofia, nikapasua zipu, ovaroli likaenda. Nikabaki na bukta, naruka, najipiga makofi. Na ndiyo saa kina mama wanayopita kwenda sokoni.

"Sumu imempata!" Mzaramo akapaza sauti kwa furaha ambayo sitaisahau. "Njooni! Mnyamwezi anakufa!"

"Ni maji!" nikapiga kelele. "Ni maji matupu!"

"Ameanza kuweweseka," mama mmoja akasema.

"Maji moto! Maji moto!"

"Masikini! Nani kamtilia maji moto kwenye bomba?"

Bibi wa nyumba ya tatu akatokea na sufuria la maziwa. Kina mama wawili wakanikamata mikono, wa tatu akanibana pua. Nikanywa. Kila nikitema ili nieleze, walisema sumu inatoka, niongezewe. Yaliyobaki sufuriani wakanimiminia mgongoni ili "yavute". Mtu mwingine alikuwa tayari anaulizia mayai mabichi, na nikasikia kwa masikio yangu mafuta ya taa yakitajwa.

Aliyeniokoa ni binti wa kidato cha pili, mwembamba, mkoba wa sokoni begani. "Mwacheni!" akasema. "Maziwa si dawa ya sumu. Mtu akimwagikiwa, avuliwe nguo, aoshwe kwa maji mengi na sabuni, akimbizwe hospitali. Na chupa ibebwe na lebo yake, daktari ajue ni sumu gani. Chupa iko wapi?"

Kimya. Shangazi akavua ufunguo, akaingia ndani, akatoka na chupa. Binti akaigeuza, akaipandisha juu watu wote waione. Mhuri haujaguswa.

Wakaniachia mikono wote kwa pamoja. Bibi akatazama sufuria lake. "Sasa maziwa yangu?"

"Deni la Mnyamwezi," akasema mtani. "Amekunywa nusu, nusu ameoga."

Jioni bwana shamba alikuja, akacheka mpaka akakaa chini. Alipopata pumzi akanyosha kidole juu kwenye viota vingine. Wale, akasema, ndio walinzi wa mti: wanawinda nzi wa matunda, na nzi akinusa kwamba sisimizi wamepita juu ya embe hapendi kutaga hapo. Dawa ile ingewaua walinzi, na funza waliomo ndani ya embe isingewafikia. Mwembe mrefu namna ile ukiupulizia kwa bomba la mgongoni, nyingi inakurudia kichwani. Akashauri tukusanye embe zilizoanguka kila siku na kuzifukia nusu mita chini, tutundike mitego yenye chambo cha kuvuta nzi madume, na tupunguze urefu wa mti baada ya mavuno. Chupa akaondoka nayo. Kwa nini hakuyasema haya mapema? "Ungenionyesha mti," akajibu, "uliniletea lebo."

Desemba embe zikaiva, na kusema kweli wapangaji walikuwa wachache. Shangazi akapiga simu: njoo uchume. Nikamwambia mti una walinzi, wachume wenyewe. Mtani akadaka simu kumbe yupo hapo hapo. "Jipake majivu mikononi na miguuni, hawakuumi!"

"Maziwa mmenimwagia," nikamwambia. "Majivu tena? Mtaniletea na mbuzi mweusi lini?"