Mkulima mpya ahitaji mahali pa kukosea

Aprili ya kwanza niliyolima hapa Iowa, Marekani, niliua lengalenga zangu (mchicha) zote kwa usiku mmoja. Jua liliwaka siku nne mfululizo, nikajidanganya kwamba baridi imekwisha, nikatoa miche yote nje. Asubuhi nikaikuta imelala chini, myeusi kama sombe, yale majani ya muhogo, iliyosahauliwa motoni. Ilikuwa sakitu, umande ulioganda, kitu ambacho mtoto wa Walungu, Kivu ya Kusini kule Kongo, hakuwahi kukiona. Mwalimu wetu wa mafunzo ya kilimo akachuchumaa, akaishika, akaniuliza nilipanda tarehe gani. "Andika," akasema. Basi. Watoto walikula usiku ule kama kawaida, maana mshahara wa kiwanda cha nyama ulikuwapo.

Nawasoma ndugu zangu wa mji wetu wa Bukavu mkiandika kwamba vijana wamekataa jembe na dawa yake ni mafunzo. Mafunzo tunayo! Kituo cha utafiti wa kilimo cha Mulungu kipo tangu enzi za Wabelgiji, chuo cha kilimo na mifugo cha ISEAV Mushweshwe kipo, vitivo vya kilimo vipo hapo mjini. Semina ndiyo usiseme: tishati, soda, picha ya pamoja, perdiemu (posho ya siku), kila mtu kwake.

Huku sheria inakuhesabu kuwa mkulima anayeanza mpaka upitishe miaka 10, na tangu 2009 serikali kuu inatoa fedha za kufundisha watu wa aina hiyo, sisi wakimbizi tukiwamo. Mpango wetu wa mafunzo ulinikodisha robo eka kwa bei ya chini, pamoja na chumba cha baridi cha kutunzia mboga na trekta la kutumia kwa zamu. Kuhusu udongo sikuambulia mengi. Siku mzungu alipotufundisha kuchanganya mahindi na maharagi katika shamba moja nilicheka mpaka nikaona haya. Alikuwa ananisimulia shamba la mama. Nilichojifunza kweli ni daftari: tuta hili limetoa mafungu mangapi, yameuzwa kwa ngapi, kuosha kumekula saa ngapi. Mama alilima maisha yake yote bila kujua kama maharagi yake yalimpa faida au yalimla.

Sasa turudi Bushi, nchi yetu Washi. Kwa wasiotoka kwetu: ardhi hupatikana kwa njia mbili, kuna kalinzi na kuna bwasa. Ukimtolea mwami, chifu wetu wa jadi, kalinzi, tuseme ng'ombe, ardhi inakaa kwenu hata watoto wanairithi. Bwasa ni kukodi kwa msimu, ukibahatika mwaka, na hupandi mgomba, kahawa wala mti, kwa sababu ukipanda kinachodumu unaonekana unataka kujimilikisha. Wanaokosa ng'ombe wanalima bwasa, na wengi wao ni akina mama na hao vijana mnaowalaumu. Kisha anakuja bwana agronomu, mtaalamu wa kilimo, na somo lake: chimbeni mitaro ya kuzuia mmomonyoko, pandeni majani ukingoni, wekeni mboleo, pandeni miti. Maneno ya kweli kabisa. Lakini mtaro wa leo unalipa baada ya miaka kadhaa, na mwakani lile shamba litakuwa na mtu mwingine, pengine mwenye shamba mwenyewe, amependezwa na udongo uliomtengenezea. Mama wa bwasa anaitika "ndiyo, bwana," anakunywa soda yake, anakwenda zake. Hapo mjinga ni nani?

Tena jembe kwetu lina historia mbaya. Wabelgiji walileta mazao ya lazima kwa sheria ya 1917. Monita, msimamizi wa kilimo, alikagua shamba na fimbo haikuwa mbali. Shuleni kwetu tuliendeleza kazi hiyohiyo: aliyechelewa alipelekwa kulima shamba la walimu. Nani angesomea adhabu yake mpaka diploma?

Na vita? Najua. Nimezikimbia.

Hata hivyo nimeona somo likishika. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba, uliotambuliwa Kivu ya Kaskazini mwaka 2001, ulipofika upande wetu watu waliitwa katika migomba yenyewe. Walionyeshwa kuvunja ua dume kwa mti wenye panda badala ya panga, na kupitisha panga motoni kabla ya kugusa shina jingine. Hiyo ndiyo shamba darasa, mtindo ulioanzia katika mpunga wa Indonesia mwaka 1989. Ulishika kwa sababu mgomba ulikuwa wao, na faida waliihesabu wenyewe kwa mikungu.

Msidhani huku ni peponi. Mwaka 2023 eka moja ya Iowa ilipita dola 11,000 kwa wastani. Wenzangu waliomaliza mafunzo wamebaki na daftari safi bila shamba la kwenda. Mmoja amerudi kwenye nyama. Ile robo eka nayo itabidi niiachie mwingine.

Kwa hiyo siku hizi dada yangu akiniomba pesa za mbegu namuuliza kwanza karatasi. Analima bwasa nyuma ya kilima, na tumemwomba mwenye shamba atuandikie miaka mitano, mashahidi wakiwapo, na ruhusa ya kupanda majani kwenye mitaro. Mzee alitaka mbuzi na kreti mbili za bia. Tumetoa. Juzi dada amenipigia: mzee amesema miaka mitatu, na habari ya majani ataifikiria.