Kipimo cha GBS: kabla hujampigia simu dada aliyeko Moshi

Kuna ushauri tunaoutuma nyumbani kila ndugu akishika ujauzito: "Hakikisha wamempima GBS," yaani bakteria ambaye mtoto anaweza kumpata kwa mama wakati wa kuzaliwa. Anayetuma yuko Minneapolis au Houston, ambako swabu ya wiki ya 36, kijiti chenye pamba cha kuchukulia sampuli, imezoeleka kama kupimwa presha. Anayepokea yuko Majengo ya Moshi au Sakina ya Arusha. Anauliza kliniki, anajibiwa kwamba hicho kipimo hakimo kwenye vipimo vya kawaida, na kuanzia hapo anaiona kliniki yake haifai. Msimamo wangu ni huu: kwa Moshi na Arusha ya leo, swabu si jambo la kwanza. La kwanza ni saa ya chupa kupasuka iandikwe, na penisilini iingie mshipani mapema.

GBS, yaani streptokoka wa kundi B, ni bakteria anayekaa utumboni na ukeni bila kumsumbua mwenye mwili. Si ugonjwa wa zinaa, mume hatibiwi, na haina uhusiano na usafi wa mtu. Duniani inakadiriwa wajawazito 18 hivi katika kila 100 wanaye, na utafiti wa Muhimbili uliochapishwa mwaka 2009 ulikuta 23 katika 100, kwa hiyo tusidanganyane kwamba ni mambo ya Wazungu. Katika kila mama 100 wenye bakteria huyu wasiopewa dawa wakati wa uchungu, watoto kama 50 huzaliwa wakiwa naye, na mmoja au wawili huugua. Huyo anayeugua ndiye tunayemhangaikia, maana hupata maambukizi ya damu, nimonia au homa ya uti wa mgongo, mara nyingi ndani ya saa 24 za kwanza.

Tukisema "huku nje wanapima", tuseme ni nje ipi. Marekani ilianza kupendekeza wajawazito wote wapimwe mwaka 2002, na ugonjwa wa siku za mwanzo ulioanzia karibu 1.8 kwa kila watoto 1,000 mwaka 1990 ulishuka hadi 0.23 mwaka 2015. Uingereza haiwapimi wote; inaangalia dalili za hatari na kutoa dawa kwa kuzifuata. Ujerumani kipimo kinashauriwa, ila kwa kawaida mama asiye na dalili anakilipia mwenyewe. Ndiyo maana wifi wa Dallas na shemeji wa Leeds wanaweza kubishana kwenye kundi la WhatsApp la ukoo mpaka usiku wa manane, na kila mmoja akawa anasema kweli ya hospitali yake.

Sasa tuseme dada ana hela na amepata maabara ya binafsi mjini. Hapo ndipo pa kuangalia. Mara nyingi kinachochukuliwa ni ute wa juu ukeni, kwa kutumia kile chuma cha kupanulia, kama anayetafutwa ni fangasi. GBS hapatikani vizuri huko. Swabu sahihi hupita sehemu ya chini ya uke, karibu na mlango, bila chuma chochote, kisha huingia kidogo njia ya haja kubwa hadi ivuke msuli unaobana. Utumbo ndio makazi yake. Ukiruka huko unawakosa wengi. Mama anaweza kujichukulia mwenyewe akielekezwa.

Kosa la pili liko maabara. Swabu haitakiwi kupakwa moja kwa moja kwenye sahani ya kuoteshea bakteria. Inaanza kwenye mchuzi, yaani kimiminika cha kuoteshea, wenye dawa za kuzuia bakteria wengine, inakaa saa 18 hadi 24 kwenye joto la nyuzi 35 hadi 37, ndipo inahamishiwa kwenye sahani yenye damu ya kondoo. Ukiruka mchuzi, karibu nusu ya wenye GBS wanaweza kuandikiwa kwamba hawana. Na sahani ikitengenezwa kwa damu ya binadamu iliyopitwa na muda benki ya damu, ule uwazi mwembamba unaomtambulisha GBS, kuzunguka vijidoa vya bakteria waliootea, hauonekani vizuri na fundi anapita tu. Jibu la "hana" kutoka maabara ya namna hiyo ni baya kuliko kukosa jibu, kwa sababu linamlaza mkunga usingizi. Kwa hiyo kabla ya kulipa, uliza mambo mawili: mnachukua wapi, na mnatumia mchuzi wa kuotesha? Wakisita, rudisha pochi mfukoni.

Kuna pia suala la tarehe. Marekani swabu inachukuliwa kati ya wiki 36 na mwisho wa wiki ya 37, na jibu linahesabiwa linafaa kwa wiki tano. Kwa mama aliyeanza kliniki mimba ikiwa ya miezi sita, bila utrasaundi ya mapema, wiki ya 36 ni ya kukisia.

Na wale wanaorudi Desemba kuhesabiwa na ukoo Kilimanjaro wakiwa wajawazito wakumbuke kitu kingine: mashirika mengi ya ndege hayambebi mama baada ya wiki ya 36. Maana yake atatua KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, kabla ya muda wa swabu haujafika. Aandike kwenye kadi ya kliniki "GBS: hajapimwa", na kama kwenye mimba hii bakteria aliwahi kuonekana kwenye mkojo, au mtoto aliyetangulia aliugua GBS, hilo liandikwe kwa herufi kubwa. Huyo anapewa dawa wakati wa uchungu bila kusubiri swabu.

Kitu kinachoniudhi zaidi ni amoksilini. Jibu likisema "anaye", simu inapigwa duka la dawa na mama anaanza vidonge akiwa na wiki 36. Havisaidii kumkinga mtoto: bakteria wanapungua, kisha wanarudi kutoka utumboni kabla uchungu haujaanza. Vidonge vina kazi kama GBS yuko kwenye mkojo, na hata hapo dawa ya mshipani wakati wa uchungu bado inahitajika. Vitunguu saumu ukeni tuviache jikoni.

Dawa yenyewe ipo nyumbani na ni ya bei nafuu: benzilipenisilini, ile manesi wanayoiita X-pen. Dozi ya kwanza ni yuniti milioni 5 mshipani, taratibu kwa dripu, halafu milioni 2.5 hadi 3 kila baada ya saa 4 mpaka mtoto atoke. Isipokuwepo, ampisilini gramu 2, kisha gramu 1 kila saa 4. Mwenye mzio wa penisilini aseme mapema anapopewa kadi, asingoje leba. Na tahadhari kwa wote: penisilini nyeupe nzito inayochomwa msulini kutibu kaswende ni nyingine kabisa. Haifanyi kazi hii, na haiingizwi mshipani kamwe.

Nani apewe bila swabu? Aliye na uchungu kabla ya wiki 37, mwenye joto la nyuzi 38 au zaidi, na ambaye chupa imepasuka saa 18 au zaidi. Hili la tatu ndilo linaloponyoka. Chupa inapasuka Rombo saa mbili usiku, familia inasubiri kukuche, mama anafika hospitali saa nne asubuhi, anahojiwa na kwenye patografu, ile karatasi ya kufuatilia uchungu, inaandikwa saa ya kufika. Saa 14 zimeyeyuka kwenye karatasi. Kila mtu leba ataamini muda bado upo. Aliyeko nyumbani aandike saa kwenye simu palepale maji yanapotoka, na amwambie mkunga hata asipoulizwa.

Dawa inataka angalau saa 4 kabla ya kuzaa ifanye kazi vizuri. Hiyo hela ya swabu, kwa anayeishi Machame juu au Longido, bora iwe nauli ya gari iliyokwisha kupatanwa.

Anayepangiwa upasuaji, uchungu haujaanza na chupa haijapasuka, hana haja ya dawa hii kwa ajili ya GBS. Ile anayopewa ya kukinga kidonda inatosha.

Mtoto akizaliwa, mama asikimbilie kuruhusiwa kabla ya saa 24, hasa kama chupa ilikaa wazi muda mrefu. Ahesabu pumzi za mtoto aliyetulia kwa dakika nzima: zikifikia 60 au zaidi, arudie kuhesabu, na zikibaki hivyo amwite nesi. Vilevile akiguna anapopumua, akilegea, akikataa titi, au mwili ukiwa wa moto au wa baridi isivyo kawaida. Hapo mtoto anahitaji ampisilini na gentamaisini kwa sindano, leo hiyohiyo. Na penisilini ya leba haizuii ugonjwa unaochelewa, unaoanza baada ya siku ya 7 hadi karibu miezi mitatu, kwa hiyo homa ya kichanga wa wiki tano ni ya hospitali, haijalishi mama alichomwa nini leba.