Villa ya Italia haina mpishi

Aliyekulia Malindi anazijua villa za Wataliano tangu utotoni, hata kama hajawahi kuingia kupitia mlango wa mbele. Ukuta mweupe, paa la makuti, askari getini, mtu wa bustani, na jikoni mpishi wa Kigiriama anayepika tambi za tagliatelle kuwashinda waliomwajiri. Ndivyo tulivyowazoea tangu enzi za wahandisi wa kituo cha San Marco kule Ngomeni, waliorusha setilaiti kutoka baharini kwetu mwaka 1967. Kwa hiyo jamaa walioko Ulaya wakianza kusema kwenye kikundi cha WhatsApp, "Msimu huu tukodi villa Italia," kila mmoja anaiona ile ya Malindi kichwani mwake, ila safari hii aliyejinyoosha kando ya bwawa ni yeye.

Sivyo. Kule unakabidhiwa ufunguo, unaonyeshwa jiko linavyowashwa, mwenye nyumba anakutakia likizo njema na kwenda zake. Mama alipofika alizunguka vyumba vyote, akarudi sebuleni akauliza, "Haya, na wa kuosha vyombo ni nani?" Ni sisi, Mama. Wa kufagia ni sisi, wa kutoa taka ni sisi, na taka zenyewe zina ratiba iliyobandikwa kwenye friji: leo mabaki ya chakula, kesho plastiki, keshokutwa karatasi, na chupa zina siku yake. Ukikosea pipa, wenye gari la taka wanalipita na kukuachia harufu yako.

Ndiyo maana nasema villa ya Italia ni ya familia kubwa inayopenda kupika. Kama ni watu wawili mnaotaka kuhudumiwa, hoteli itawafaa zaidi, tena bila maneno. Bei ya villa ni ya nyumba nzima kwa wiki, kwa kawaida Jumamosi hadi Jumamosi wakati wa msimu, haihesabu vichwa. Wakigawana ndugu watatu na watoto wao, hesabu inakuwa nafuu. Wakiwa wawili, inauma.

Na kwa sisi Waislamu wa pwani jiko ndilo linalomaliza ubishi. Kwenye miji midogo ya kusini mwa Italia kupata mkahawa wa halali ni kazi. Ukiwa na jiko lako unapitia Napoli kwanza, kwenye mitaa iliyo karibu na stesheni kuu ya Piazza Garibaldi, unanunua nyama ya halali, viungo na tui la nazi la kopo, kisha ndio unateremka kusini. Mchele beba wako. Ule unaojaa kwenye supamaketi zao ni wa risotto, na ukiupikia pilau utakula bokoboko. Samaki msihangaike. Sisi tulikodi Cilento, pwani iliyo kusini mwa Napoli, na kwenye bandari ndogo ya Acciaroli wavuvi huleta alici, vidagaa vyao vya fedha, na pweza. Mama alimgeuza pweza juu chini, akambonyeza kichwa kwa kidole gumba, akakubali. Jioni ile mchuzi wa pweza ulikuwa mezani, na aliyeutaka na pasta hakukatazwa.

Hapo ndipo stima ilipotuzimikia. Nyumba nyingi za Italia zina mkataba wa umeme wa kilowati 3 tu. Ukiwasha oveni, kiyoyozi na mashine ya kufulia kwa wakati mmoja, swichi kuu inaruka na nyumba nzima inaingia giza. Mara nyingi swichi hiyo iko kwenye kisanduku cha mita kando ya geti, kwa hiyo mtu anatoka na tochi ya simu huku watoto wanapiga kelele ndani. Muulize mwenye nyumba siku ya kwanza kisanduku kiko wapi, kabla hujamuuliza neno la siri la intaneti.

Sasa, kwa nini Cilento na si Positano, ule mji mashuhuri wa Pwani ya Amalfi? Kwa sababu Positano unalipia picha. Simkatalii mtu uzuri wake. Pwani ya Amalfi imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1997, na ukiiona kutoka kwenye boti utanyamaza. Lakini mji umebandikwa kwenye jabali. Tangazo likisema nyumba iko mita 200 kutoka ufukweni, mita hizo ni za ndege. Binadamu anashuka ngazi, mia na zaidi, kisha anazipanda tena na jua la saa nane mgongoni. Mpeleke huko bibi mwenye magoti mabovu uone. Barabara ni moja, nyembamba, na tangu 2022 siku za msimu kuna zamu: leo wageni wenye namba za gari za shufwa, kesho za witiri. Mtu na gari lake la kukodi anakatazwa barabara aliyoijia.

Cilento iko kusini zaidi, ukishapita Salerno. Nayo imo kwenye orodha ya UNESCO, tangu 1998, lakini watalii wengi huishia Paestum kupiga picha mahekalu ya Wagiriki na kurudi zao Napoli. Treni inasimama Paestum, Agropoli, Ascea, Sapri. Kuna fukwe za mchanga ambazo mtoto anazifikia kwa miguu yake, na kandokando ya barabara ya Paestum kuna mashamba ya nyati wanaotoa maziwa ya jibini la mozzarella. Pale Pioppi aliishi kwa miaka mingi Ancel Keys, yule mtafiti Mmarekani aliyelieneza duniani lile wazo kwamba ulaji wa watu wa Mediterania unalinda moyo. Ukiona vikongwe wa kule wanavyopanda vilima na mifuko ya nyanya, utamwelewa.

Ufukweni kuna jambo la kutukera sisi tuliozoea kuingia baharini popote. Sehemu kubwa ya fukwe nzuri imepewa wafanyabiashara kwa vibali, na wewe unalipia mwavuli na vitanda viwili kwa siku. Umoja wa Ulaya umekuwa ukivutana na Italia kuhusu vibali hivyo kwa miaka, na serikali imeviongezea muda hadi Septemba 2027. Lakini kisheria kuingia na kupita hadi majini hakulipiwi, na ule ukanda wa mita 5 kutoka maji yanapoishia haupangwi vitanda vya mtu. Pia miji mingi ina kipande chake cha ufuo huru. Tafuta kiko wapi kabla ya kukodi nyumba, maana mwavuli wa kulipia kila siku kwa watu wanane unaweza kukuharibia ile hesabu nzuri ya kugawana.

Kuhusu utapeli: tangu Januari 2025 kila nyumba ya kukodishwa wageni lazima iwe na namba ya utambulisho ya kitaifa, CIN, na namba hiyo ionekane kwenye tangazo na nje ya jengo. Tangazo lisilo nayo, liache lipite. Soma pia kama ni villa nzima au ni ghorofa moja ya villa, na mwenyewe anaishi juu yenu na mbwa wake. Uliza kama shuka na usafi wa mwisho vimo kwenye bei. Miji mingi ina kodi ya utalii kwa kila mtu kwa kila usiku, hivyo wekeni euro za taslimu kando. Pasipoti zitaombwa za wote; msishtuke, sheria inamtaka mwenye nyumba apeleke majina polisi.

Kwa wanaomwalika mama kutoka nyumbani, viza ya Schengen ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima yake ya afya isipungue euro 30,000. Maombi yanapelekwa kwa nchi atakakokaa muda mrefu zaidi. Kama anakuja kukaa kwako Ujerumani miezi miwili na Italia ni wiki moja tu, basi ni viza ya Ujerumani anayoomba, hata kama tiketi ya Napoli ndiyo anayoionyesha mtaa mzima.

Agosti msiende. Tarehe 15 ni sikukuu ya Ferragosto, Italia nzima iko baharini, na bei iko juu ya mlima. Bahari ya Septemba ina joto kuliko ya Juni, na miavuli imeanza kupungua. Wenye watoto shuleni Uingereza mtasema haiwezekani, na ni kweli, kwenu labda siku za mwisho za Agosti. Walioko Bavaria na Baden-Württemberg hawana kisingizio: shule zao hazifunguliwi hadi karibu katikati ya Septemba, na wiki ile ya kwanza ya mwezi ndiyo ya kukamata mapema, Januari au Februari, kabla Wajerumani wenzao hawajaimaliza.