Siku nne za kidonda cha moto

Vichocheo vya ukuaji ni protini ambazo mwili wenyewe huzitoa ili seli zigawanyike, zisogee na kuziba jeraha. Siku hizi hutengenezwa pia maabara na kupakwa kwenye vidonda vya moto. Je, hospitali za Mbeya, Iringa au Njombe zitumie fedha zao humo?

Wanaosema ndiyo wana hoja nzito. Utafiti wa China uliochapishwa mwaka 1998 ulihusisha wagonjwa 600 walioungua. Waliopakwa kichocheo kimojawapo, kiitwacho bFGF, vidonda vyao vya juujuu vya daraja la pili (moto umeingia hadi safu ya pili ya ngozi) vilipona kwa wastani wa siku 9.9, wenzao siku 12.4. Vya kina vya daraja hilohilo vilichukua siku 17.0 badala ya 21.2.

Siku mbili na nusu za kidonda cha juujuu hazinisumbui. Hicho kingepona hata kwa vaselini na shashi safi. Uzito uko kwenye zile nne za kidonda cha kina. Kidonda kikipita wiki tatu hakijafunga, hatari ya kovu nene hupanda sana, na kovu hilo likikaa kwenye kiwiko, shingo au vidole, huvuta kiungo kikajikunja. Siku 21.2 ziko palepale mpakani; 17.0 ziko salama zaidi. Kwa mtoto aliyemwagikiwa uji mkononi, hapo ndipo penye kushika kalamu au kutoshika.

Lakini kichocheo huziamsha seli zilizo hai tu. Katika daraja la pili zimesalia kwenye mashina ya vinyweleo na tezi za jasho. Katika daraja la tatu, ngozi ikiwa imeungua unene wake wote, zimeteketea zote, na kidonda kikubwa cha namna hiyo hutaka kukatwa ngozi iliyokufa na kupandikizwa nyingine. Kupaka dawa na kungoja ni kumchelewesha mgonjwa. Dawa haipenyi gamba lililokufa. Penye usaha, vimeng'enya huikata protini kabla haijafanya kazi.

Sasa tazama njia zetu. Mgonjwa wa vijiji vya ndani vya Makete au Ludewa akifika siku ya tano, kidonda kimepakwa dawa ya meno au unga, zile siku nne zimeshaliwa njiani. Dawa nyingi za aina hii pia hutaka nyuzi 2 hadi 8 za joto muda wote. Baridi ya Julai isimdanganye mtu kwamba kabati linatosha: jua la mchana hupandisha joto, na protini ikiganda usiku huharibika vilevile.

Hofu kwamba dawa inayozigawanya seli italeta saratani nayo ipimwe kwa haki. Becaplermin, jeli ya kichocheo kingine cha ukuaji iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1997 kwa vidonda vya miguu vya kisukari (si vya moto), iliwekewa onyo kali mwaka 2008 kwa waliotumia tyubu tatu au zaidi. Onyo hilo liliondolewa mwaka 2018.

Kwa maoni yangu, fedha za kwanza ziende kwingine. Maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, ndani ya saa tatu tangu kuungua, hayana mshindani. Kwa baridi ya huku, sehemu iliyoungua tu ndiyo imwagiwe, mwili mwingine ufunikwe blanketi, na barafu isiguswe. Kisha dripu. Mtoto wa kilo 15 aliyeungua asilimia 20 ya mwili huhitaji mililita 4 kwa kila kilo na kila asilimia, 4 × 15 × 20, yaani 1,200 kwa saa 24, mbali na maji yake ya kawaida. Nusu iingie ndani ya saa nane tangu alipoungua, si tangu alipopokelewa. Akifika saa tatu zimepita, mililita 600 zina saa tano tu. Hapa ndipo watoto wanapopotea, kabla hata habari ya kidonda haijaanza.

Mahali pa kichocheo pabaki padogo na wazi: daraja la pili la kina, usoni, mkononi au kwenye kiungo, kidonda kilichosafishwa mapema, hakina gamba wala usaha, hospitali yenye jokofu linalosomwa joto asubuhi na jioni. Ikifika kati ya siku ya 10 na 14 bila dalili ya kufunga, dawa isitishwe na mgonjwa aandaliwe kupandikizwa ngozi.