Kabla hujapiga Windows upya, angalia soketi

Laptopu ilikuwa na siku nne tu ndani ya nyumba mshale ulipoanza kupagawa. Nataka kubofya hapa, wenyewe unakimbilia kona ya juu. Naweka kidole kimoja, herufi zinavimba hadi zinajaa skrini nzima, utadhani nimeweka viwili na kuvitanua. Siku ya sita likaja la pili. Naifunga jioni ofisini, naitia begini, napanda mwendokasi. Nikifika nyumbani begi lina joto kama nimebeba chapati, betri imebaki theluthi, na nikiifunua kioo ni giza. Taa ya kitufe inawaka, feni inavuma, lakini picha hakuna.

Nikarudi nayo Kariakoo nilikoinunua. Fundi wa pale, kijana mchangamfu, hakuuliza hata swali moja. "Kaka, hapo ni kupiga Windows tu. Elfu ishirini, saa moja umeondoka."

Hapo ndipo ninapotaka kugombana na watu. Kupiga Windows, yaani kuifuta na kuiweka upya, kumekuwa panadoli yetu. Mashine nzito, piga Windows. Printa haisomi, piga Windows. Sikatai, kuna siku inasaidia, hasa kwa mashine kuukuu iliyojaa virusi. Lakini kwa laptopu ya wiki moja ni karibu kutupa ulichonunua. Windows iliyokuja nayo ina draiva, yaani programu ndogo zinazoendesha kila kifaa cha ndani, zilizochaguliwa na mtengenezaji kwa ajili ya tachipedi ileile (kile kibao cha kusogezea mshale) na chipu ileile ya picha. Flashi ya fundi ina za jumlajumla. Halafu leseni: tangu enzi za Windows 8, watengenezaji wengi huhifadhi ufunguo wa leseni ndani ya bodi yenyewe, kwa hiyo ukirudishia toleo lilelile inajiwezesha bila kuulizwa kitu. Fundi akikupigia toleo la Pro juu ya mashine iliyouzwa na toleo la Home, ndipo anapotoa zile programu zake za kuvunja kufuli, na wewe umeshahama kutoka leseni halali kwenda kwenye wizi, tena kwa kulipia.

Nikamwambia nitafikiria, nikaondoka.

Jibu la tachipedi nilipewa na mzee wa mtaani kwetu aliyestaafu kazi ya kutandaza waya majumbani, mtu ambaye kompyuta hajui hata inawashwaje. Nilikuwa kibarazani, waya umetoka dirishani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akakaa. Akanitazama ninavyohangaika, kisha akapitisha mgongo wa mkono juu ya mfuniko wa bati.

"Inakutekenya hii?"

Kweli ilikuwa inatekenya. Nilikuwa nimeshaizoea, nikadhani ndivyo zilivyo laptopu za bati.

"Hiyo haina ethi. Nionyeshe ulipochomeka."

Ethi ni ule waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini. Chaja yangu ilikuja na plagi ya Ulaya, ya pini mbili za duara. Plagi ile ethi yake haimo kwenye pini. Imo kwenye vibati vya ubavuni, ambavyo hugusana na vibati vya soketi za kwao. Soketi zetu ni za Kiingereza, matundu matatu ya pembe, na lile la juu ndilo la ethi. Pini yake ndefu ndiyo inayofungua vizibo vya matundu mawili ya chini. Wote tunajua tunavyofanya: unachukua kalamu, unachokonoa tundu la juu, vizibo vinafunguka, unasukumiza pini mbili. Umeme unapita, taa ya chaja inawaka, umemaliza. Vibati vya ubavuni vinabaki hewani, havigusi chochote. Pale penye ethi pana kalamu.

Sasa hilo linahusianaje na mshale? Tachipedi haipimi uzito wa kidole. Chini ya kile kibao kuna wavu wa nyaya nyembamba mno, nao hupima badiliko dogo sana la chaji ya umeme ngozi inapokaribia. Ndani ya chaja, kwa upande mwingine, kuna kapasita ndogo, kijifaa cha kuhifadhi chaji, inayounganisha upande wa umeme wa ukutani na upande unaokwenda kwenye laptopu. Kazi yake ni kuzitoa kelele za umeme, nazo zinatarajiwa kushuka ardhini kwa waya wa ethi. Ethi ikikosekana, kelele hazina pa kwenda. Bati zima la laptopu linaelea na volti, mkondo wenyewe ukiwa mdogo wa kutekenya, si wa kuua. Kwa ngozi yako ni kutekenywa, kwa wavu ule ni kelele za sokoni. Inasoma vidole ambavyo havipo. Kimoja kinakuwa viwili, na herufi zinavimba.

Kuhakikisha ni kazi ya dakika moja: chomoa chaja, tumia betri. Mshale ukitulia, na ukipagawa tena ukichomeka, huna haja ya fundi wa programu. Nilinunua waya wa pini tatu kwa shilingi elfu nne, ile aina yenye matundu matatu upande wa chaja. Kutekenya kukaisha usiku uleule. Kama yako haikuisha, ujue nyumba yenyewe huenda haina ethi, na nyumba za kupanga za namna hiyo nimeziona nyingi. Hapo mwite fundi umeme.

Lile la pili, la begi kupata joto, ni la usingizi wa laptopu, nalo ni hadithi nyingine, na hili silaumu Kariakoo.

Zamani laptopu ikilala inalala kweli: kila kitu kinazimwa isipokuwa memori. Mafundi huita hali hiyo S3. Kuanzia Windows 8, mwaka 2012, Microsoft ikaleta usingizi wa namna ya simu, ambao kwenye Windows 10 ukaitwa Modern Standby. Skrini inazima lakini mashine iko nusu macho, inaweza kupokea barua pepe na kushusha masasisho ikiwa imefungwa. Laptopu nyingi za miaka hii zimeondolewa S3 kabisa, hata ukiitafuta kwenye bayosi, ile programu ya ndani ya bodi inayoiwasha mashine, huioni. Nani aliomba hilo? Simu haina feni, wala haisokomezwi begini na daftari juu yake. Nataka laptopu iliyofungwa iwe imelala, basi.

Kujua yako ni ya aina gani, fungua dirisha la amri (Command Prompt) uandike powercfg /a. Ukiona S0 Low Power Idle, ambayo ndiyo hiyo Modern Standby, kwenye orodha ya zinazopatikana, na S3 iko kwenye orodha ya zisizopatikana, wewe ni mwenzangu. Nilichofanya ni kubadili kazi ya kufunga mfuniko: badala ya kulala, haibaneti (Hibernate), yaani kazi zote zinaandikwa kwenye diski kisha mashine inazima kabisa. Kuamka kunachukua sekunde kadhaa zaidi. Begi halipati joto tena.

Kioo cha giza kilibaki. Ukikutana nacho, usikimbilie kushikilia kitufe cha kuzimia, utapoteza kazi ambayo hujahifadhi. Bonyeza kwa pamoja Windows, Ctrl, Shift na B. Draiva ya picha inaanzishwa upya, mara nyingi utasikia mlio mfupi. Yangu ilirudi mara ya kwanza kujaribu, na kwangu hiyo ilitosha kumjua mwizi: nikaingia tovuti ya mtengenezaji, nikatafuta namba ya modeli, nikashusha draiva ya picha na sasisho la bayosi. La bayosi lifanye betri ikiwa imejaa na chaja imechomekwa, maana umeme wetu mnaujua, na bayosi ikikatiwa njiani inaweza kuua bodi. Wiki tatu sasa, giza halijarudi.

Tachipedi iligoma tena mara moja, nikaanza kumlaani kila mtu. Kumbe mwanangu alikuwa amebonyeza kile kitufe cha juu chenye alama ya kuizima.

Jumamosi nilipita dukani kumwambia yule kijana kuhusu ethi. Alikuwa anamwonyesha mteja laptopu nyingine, imechomekwa mezani, mshale unarukaruka. Pembeni ya soketi kulikuwa na kalamu isiyo na wino, imefungwa kwa uzi isipotee.